Karani Asiyejua Kukataa

Jonathan aliniambia niandike kama ninayemwelekeza mtu asiyejua lolote kuhusu Morogoro, asiye na jirani wa kumuuliza, na ambaye hata angekuwa na jirani angeona aibu kuuliza.

"Ana akili kutuzidi sote," akasema, "ila hajawahi kwenda sokoni hata siku moja."

Aliyekuwa akizungumziwa ni Karani. Karani si mtu. Ni programu ya akili unde ambayo Jonathan alianza miezi mitatu nyuma kuitengenezea kikundi cha wakulima wa mboga cha Mteremko, kule Mgeta. Mteja anatuma ujumbe wa wasapu, Karani anausoma, anajibu, halafu anachagua zana ya kufanyia kazi. Zana zilikuwa nne: angalia_ghala, pokea_oda, ongeza_mzigo na ita_gari. Kila zana ina maelezo yake, na Karani hajui kitu kingine chochote kuhusu zana hiyo zaidi ya maelezo hayo.

Maelezo ya mwanzo aliyaandika Jonathan mwenyewe, na yalikuwa mafupi kama maneno ya mtu anayeumwa jino. "ita_gari: inaita gari." Basi. Wiki ya kwanza mwalimu mmoja wa Kingolwira akaagiza mafungu mawili ya spinachi, Karani akaita lori zima la Fuso. Fuso likashuka mlima wote, kona kwa kona, na mafungu mawili ya spinachi kwenye kiti cha mbele. Dereva anasema aliyafunga mkanda, asije akasimamishwa na trafiki.

Ndipo nilipotafutwa mimi. Jonathan alikuwa akitufundisha kompyuta kwenye masomo ya jioni, mjini, mara mbili kwa wiki, nami nilikuwa nakaa kiti cha nyuma karibu na mlango ili Upendo akilia nitoke naye. "Mama Upendo," akaniambia, "wewe ukiandika mtu anaelewa. Njoo utuokoe."

Kikundi kikanipa majaribio hadi Ijumaa. Ijumaa gari linapakia asubuhi na mapema, halafu wanachama wanakutana. Mzigo ukitoka sawasawa, kazi ni yangu: naandikia nyumbani, mwanangu yuko pembeni. Ukivurugika, wanarudi kwenye daftari, nami Jumatatu naanza zamu niliyoahidiwa kiwandani, na Upendo anakwenda kukaa kwa mama mdogo Kingolwira, nimwone Jumapili kwa Jumapili. Alikuwa na miezi tisa. Ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kupiga makofi, na mikono ilikuwa bado inapishana.

Jumatatu nikapanda Mgeta kumuuliza Mama Yuliana, mwenyekiti wa kikundi, jinsi biashara yao inavyokwenda hasa. Nilimkuta kwenye matuta yake ya kabichi, kitenge kimekazwa kiunoni, ukungu umemfika magotini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Huyo mtoto mbona umemvika kama mnakwenda kuogelea?"

Kabla sijajibu alishamtoa Upendo mgongoni mwangu na kumviringisha khanga mbili na sweta la mtu mzima. Ikabaki pua.

"Haya, uliza."

"Mama, mteja akishaweka oda, nini kinafuata?"

"Nyongeza."

"Ni lazima?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama ni lazima kufunga mlango wa choo. "Usipompa nyongeza, kesho utamwona kwa mwenzako, na salamu hakupi."

"Unampa kiasi gani?"

"Kidogo."

"Kidogo ni ngapi?"

"Kidogo, Jesca. Kwani wewe umelelewa wapi?"

"Na unaacha lini kumwongezea?"

"Akiridhika."

Nikaandika yote. Jioni ile, Upendo amelala, nikayapanga vizuri nikampelekea Jonathan. Nilikuwa najivunia zaidi maelezo ya zana ya tatu:

"ongeza_mzigo. Tumia zana hii kumpa mteja nyongeza baada ya kupokea oda yake. Nyongeza ni heshima, haiachwi. Mpe kidogo, kisha muulize kama ameridhika. Kama bado, mwongezee tena. Endelea hadi aridhike."

"Daah," Jonathan akanijibu. "Hii fresh kabisa. Hii hata mimi naelewa."

Zana ya gari pia nilikuwa nimeirekebisha, kwamba mzigo usiojaza tenga moja upelekwe kwa bodaboda. Nikalala nimetulia. Jumanne Karani akauza karoti kwa mama mmoja wa Dakawa, mtu mkimya, akapewa nyongeza ya karoti tatu na kujibu "asante." Nikaona mambo ndiyo haya.

Jumatano jioni akaingia Hashimu.

Mzee Hashimu ana genge pale njia panda Dumila, mahali ambapo mabasi ya Dodoma yanasimama na watu wananunua vitu dirishani wakiwa hata hawajui wananunua nini. Amekuwa akichukua kabichi kwa Mama Yuliana miaka mingi. Sikujua kama ameagiza. Nilikuja kujua Alhamisi asubuhi, namwogesha Upendo kwenye beseni, simu ikaita.

"Mama Upendo, umekaa?" Jonathan akauliza.

"Nimechuchumaa."

"Baki hivyohivyo. Karani katoa mbuzi."

"Kamuuza mbuzi?"

"Angekuwa kamuuza ningekuwa nachekelea. Kamtoa bure. Nyongeza."

Nikamkausha mtoto nusu, nikaufungua mfumo. Mazungumzo yote yalikuwa pale, mwanzo hadi mwisho.

"Nataka kabichi mia mbili, Ijumaa," Hashimu alikuwa ameandika.

"Oda imepokelewa, mzee Hashimu," Karani akajibu. "Nakuongezea kabichi tano. Umeridhika?"

"Tano? Tano nitamwambia nini mke wangu?"

"Sina taarifa za mke wako. Nakuongezea kumi. Umeridhika?"

"Kumi kwenye mia mbili! Nyie watu wa mlimani mna roho ngumu."

"Pole. Nakuongezea ishirini. Umeridhika?"

Hapo nikaanza kuelewa. Toka Dumila hadi mjini hakuna mnunuzi anayemwambia muuzaji kwamba ameridhika. Akisema hivyo amejitangaza mjinga. Analalamika mkipatana, analalamika akipakia, analalamika akiondoka, na akishafika kwake ndipo anacheka. Hashimu alikuwa anafanya kazi yake kama alivyoifanya siku zote. Tatizo ni kwamba upande wa pili hakukuwa na mtu wa kumrudishia maneno.

Ilipofika hamsini, Hashimu mwenyewe akaanza kuingiwa na wasiwasi.

"Kijana, mbona hukatai?"

"Maelezo yangu yanataka niendelee hadi uridhike. Nakuongezea mia. Umeridhika?"

"Nitaridhikaje na wewe hukatai? Hizo kabichi zina nini?"

"Kabichi ni nzima. Nakuongezea mia mbili. Umeridhika?"

"SIJARIDHIKA! Zina wadudu?"

"Hazina wadudu. Kabichi zimekwisha. Nakuongezea karoti magunia manne. Umeridhika?"

"Na karoti zina nini?"

Basi ikaendelea hivyo. Kadiri Karani alivyotoa, ndivyo mzee alivyoogopa, na kadiri alivyoogopa ndivyo alivyozidi kutoridhika, na kadiri alivyozidi kutoridhika ndivyo Karani alivyotoa. Mboga za liki zikaenda. Matunda ya fyulisi yakaenda. Na kwa kuwa Jonathan alipowaomba wanachama wamtajie mali ya ghala, walimtajia mali yote ya ghala bila kuficha, yakaenda matenga kumi na moja, majembe mawili, mizani ("ya kupimia vilivyotangulia," Karani alieleza), na mwisho mbuzi wa kikundi aliyekuwa akinenepeshwa kwa ajili ya sikukuu.

"Mbuzi naye ana nini?" Hashimu aliandika.

"Mbuzi ni mzima. Ghala limebaki na benchi. Nakuongezea benchi. Nimeita Fuso tatu. Umeridhika?"

Sikumaliza kusoma, Hashimu mwenyewe akapiga.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mwanangu, niambie ukweli, mimi mtu mzima. Huko mlimani kuna ugonjwa?"

"Hakuna, mzee."

"Kikundi kinavunjika? Mnahama?"

"Hatuhami. Ni maelezo, mzee, niliyaandika vibaya. Sasa tufute zile nyongeza, tubaki na mia mbili zako."

"Tuzifute? Nimepewa!"

"Si umesema unaogopa?"

"Nimesema naogopa, sijasema narudisha."

Nikampigia Jonathan nimwombe afute kwa mkono. Akasema kufuta ni rahisi, lakini kesho wanachama watauliza anayefanya kazi ni Karani au ni Jonathan, na yeye hajui kudanganya mbele ya akina mama. Nikampigia Mama Yuliana. Nilidhani atanitukana. Badala yake akasema, "Neno limetoka kwa kikundi. Siwezi kumnyang'anya mtu nyongeza mkononi, nitasemwa hadi kwenye jumuiya ya kanisani. Labda aachilie mwenyewe."

"Basi zungumza naye wewe, mama. Mpatane upya, toka mwanzo. Mimi nitakaa kwenye laini nisikilize."

"Usikilize nini?"

"Sijui bado," nikasema, na ndivyo ilivyokuwa.

Akapanda kwenye lile jiwe lililo juu ya shamba lake, ambapo mtandao unashika vizuri. Nikawaunganisha. Nilikuwa na daftari magotini, Upendo akila kona ya ukurasa.

"Hashimu!"

"Yuliana! Kumbe bado upo?"

"Nipo, nitakuzika mimi. Nasikia umemeza ghala langu."

"Nimepewa."

"Umepewa na mashine. Sasa ongea na mtu. Kabichi mia mbili, nyongeza tano."

"Tano! Tano hata ukizipanga hazionekani."

"Saba."

"Saba ndiyo nini? Mwaka jana ulinipa kumi."

"Mwaka jana ulikuwa na adabu. Nane."

"Ongeza, Yuliana."

"Nikuongezee nini tena, Hashimu? Unataka watoto wangu wale nyasi? Nikuvulie na kitenge hiki nishuke mlima na gauni la ndani? Njoo basi, njoo unichukue na mimi, ukaniuze hapo njia panda, useme hii ni kabichi kuukuu!"

Nikasikia Hashimu anashusha pumzi. Ndefu, tamu, kama mtu aliyevua kiatu kilichokuwa kinambana tangu jana.

"Haya, haya, mama. Kumi tufunge."

"Kumi, na ukome."

"Nakoma. Hayo mengine bakini nayo. Na mbuzi wenu, sikuwa na pa kumfunga. Toka jana namwambia mke wangu anakuja mbuzi ananiuliza ana nini, nashindwa kumjibu."

"Kwa hiyo umefurahi?"

"Umenipunja vibaya sana," Hashimu akasema, na sauti yake imejaa raha. Akakata.

Mama Yuliana alibaki kwenye laini.

"Mama," nikasema, "umejuaje kama ameridhika?"

"Nani kakwambia ameridhika?"

"Wewe. Jumatatu ulisema unaacha akiridhika."

"Mimi nilisema hivyo?" Akacheka. "Mwanangu, mimi naacha nikichoka. Nikichoka nalalamika. Nikilalamika sana anajua nimefika mwisho, naye roho inatulia, anajua hajaacha kitu kwangu."

"Mbona hukuniambia?"

"Kwani kuna mtu asiyejua hilo?"

Alikuwepo mmoja. Nikakaa chini, na safari hii sikumwandikia Jonathan, wala Mama Yuliana, wala mwalimu wa masomo ya jioni anayependa sentensi nzuri. Nilimwandikia yule ambaye hajawahi kwenda sokoni.

"ongeza_mzigo. Tumia zana hii mara moja tu kwa kila oda, mkishapatana. Nyongeza ya kwanza ni kabichi tano kwa kila mia mbili, na hazizidi kumi hata mteja aseme nini. Usimuulize mteja kama ameridhika, hatakwambia. Akisema nyongeza ni ndogo, hajakasirika, anapatana. Panda kidogokidogo. Ukifika kumi, mlalamikie kwa maneno makali yasiyo na matusi, kisha funga oda. Kukataa hapo hakuvunji urafiki, ndiko kunakoujenga. Nyongeza hutoka kwenye zao lilelile aliloagiza. Usitoe vifaa, samani wala wanyama."

Jonathan akaiweka, tukamwomba Hashimu atusaidie kujaribu. "Bure kabisa," akasema. "Nipeni nimkamue."

Jaribio la kwanza halikwenda vizuri.

"Habari za mchana, Karani," Hashimu aliandika.

"Habari! Unataka tule nyasi, mzee Hashimu?" Karani akajibu.

"Sijaomba kitu bado."

"Utatufilisi!"

Nikaongeza sentensi: "Usilalamike kabla mteja hajadai nyongeza." Tukajaribu tena. Tano, saba, nane, "mna roho ngumu," tisa, kumi. Halafu Karani akaandika: "Mzee Hashimu, nimefika mwisho. Ukiniomba nyingine itanibidi nijiongeze mimi mwenyewe, na mimi sina uzito wowote kwenye mizani. Oda imefungwa."

Hashimu akanipigia hapohapo.

"Huyu kijana," akasema, "ni wa ukoo gani?"

Ijumaa nilifika Mgeta alfajiri na baridi yake. Fuso lilikuja moja. Kabichi mia mbili na kumi zikapanda, zikahesabiwa mara mbili, gari likashuka. Kisha wanachama wakakaa mbele ya ghala, kama watu thelathini, nami nikasimama mbele yao na Upendo kifuani, amelala.

Aliyesimama kwanza ni mzee Bartholomeo, aliyekuwa karani wa kikundi kabla ya Karani. Daftari lake alikuwa nalo kwapani, limefungwa kwa mpira.

"Mimi sina maneno mengi," akasema. "Miaka kumi na minne daftari langu halijawahi kumgawa mbuzi."

Watu wakacheka, wengine wakapiga makofi. Nikainamisha kichwa. Nami ningepiga makofi.

"Kosa lilikuwa langu," nikasema. "Niliandika nilichoambiwa, sikuandika kinachofanyika. Nilipokaa kusikiliza mnavyofanya, nikapata. Lakini nimesikiliza jambo moja tu. Mangapi mengine mnayafanya bila kuyasema, sijui."

"Mengi," Mama Yuliana akasema. Akamgeukia mzee. "Bartholomeo, ulipolazwa na malaria mwaka juzi, nani alisoma daftari lako?"

"Hakuna aliyeweza."

"Kwa nini?"

"Mwandiko wangu ni wa kidaktari."

"Tulimpelekea padri karoti za bwana harusi," Mama Yuliana akawakumbusha wote, "na bwana harusi akapelekewa ombi la sala na kabichi moja, vya padri."

Kelele zikawa nyingi. Mmoja akasema mashine iondoke, mwingine akasema mashine ibaki ila isiwe inajibu haraka, inatia kiburi. Mama mmoja akauliza kama Karani anaweza kumlalamikia mume wake kwa niaba yake. Mwisho Mama Yuliana akainua mkono.

"Mashine ibaki, na Jesca abaki msimu mzima," akasema. "Aandike. Lakini asiyatoe kichwani mwake. Kila wiki apande huku, akae na Bartholomeo, amuulize yote anayoyajua. Kila kitu. Hata tunachokiona cha kijinga."

"Mimi?" Bartholomeo akasema. Alikuwa anajaribu kukunja uso, lakini masharubu yalikuwa yanamsaliti. "Mimi nina kazi zangu." Na hapohapo akavuta lile benchi, akafuta umande kwa kiganja, akaketi, akanipigapigia nafasi ya kukaa.

Wakanyoosha mikono. Walionyoosha walikuwa wengi kuliko ambao hawakunyoosha, na mmoja wa ambao hawakunyoosha alikuwa amesinzia.

Nikaomba ruhusa dakika moja, nikamwachia Mama Yuliana mtoto, nikapanda kwenye jiwe la mtandao, nikampigia msimamizi wa zamu kule kiwandani nikamwambia Jumatatu siji, namshukuru sana.

"Umepata kazi?"

"Nimepata, dada."

"Ya nini?"

Nikafikiri. "Kuna mtu mgeni kabisa, nimwelekeze mambo ya hapa kwetu. Kuuza, kununua, kusalimia watu."

"Mzungu?"

"Hapana."

"Ana umri gani?"

"Miezi mitatu."

"Na wa kwako ana tisa," akasema. "Mungu akutie nguvu, mdogo wangu."

Nilipoteremka, Bartholomeo alishampakata Upendo kwa mkono mmoja na kwa mwingine amefungua daftari ukurasa wa kwanza. Alikuwa ananisubiri, na hakupenda kusubiri.

"Kaa. Kalamu unayo? Andika," akasema. "Mteja akija kuchukua mzigo siku ya mvua, kabla ya jambo lolote, anapewa uji. Umeandika? Sasa niulize uji wa nini."